Nyumba Iliyovutwa kwa Reli: Hotuba kuhusu Nyumba za Mbao za Wafanyabiashara na Maduka Yaliyomo

Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam mbele ya mafundi seremala, wanafunzi wa ujenzi na wenye maduka. Wengi mlikosa nafasi ya kufika mkaniomba niiweke yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yaleyale, nimepunguza vikohozi tu.

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, dada zangu na kaka zangu wanafunzi, na nyinyi wenye maduka mliofunga mapema mkaacha wateja barabarani ili mje hapa: hamjambo?

Mwenyekiti aliniambia nizungumze juu ya majengo ya kale. Nikamjibu kwamba majengo ya kale ni bahari, na mimi ni seremala, siwezi kuimaliza bahari kabla ya chakula cha jioni. Kwa hiyo nitashika aina moja tu: nyumba ya mfanyabiashara wa Uingereza, iliyojengwa kwa kiunzi cha mbao miaka mia nne au mia tano iliyopita, ambayo leo chini yake pana duka la viatu, la simu, la keki. Nimefanya kazi ya ukarabati kwenye nyumba hizi. Najua wapo hapa wanaojiuliza, sisi na mbao za Wazungu wapi na wapi? Nipeni muda. Nikifika kwenye saruji mtaniambia kama hayatuhusu.

Nianze na nyumba iliyohama.

Kusini-magharibi mwa Uingereza kuna mji unaitwa Exeter. Ulikuwa mji wa nyumba za mbao. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 1942 ndege za Wajerumani ziliushambulia kwa mabomu, na sehemu kubwa ya katikati ya mji ikateketea. Nyumba za kale zilizosalia zikawa za kuhesabika. Halafu, kama kawaida ya miji, kilichoachwa na vita kikafuatwa na barabara. Mwaka 1961 ilipangwa barabara mpya ipite Edmund Street, na mtaa ule wote ukaandikiwa kubomolewa. Pale kona palikuwa na nyumba ndogo ya ghorofa, nyembamba, ya mfanyabiashara, yenye umri wa zaidi ya miaka mia tano. Kila ghorofa imetokeza nje kupita ile iliyo chini yake, kama mtu anayeinama dirishani kutazama ugomvi mtaani.

Mngefanya nini nyinyi? Semeni. Nasikia mmoja anasema piga tingatinga. Ahsante kwa ukweli wako.

Wao waliifunga nyumba ile kwa magogo, ndani na nje, mpaka ikawa kama mzigo uliofungwa kamba. Wakaiinua kwa jeki. Wakaiwekea magurudumu ya chuma chini yake, wakatandika reli, na mwezi Desemba 1961 wakaivuta nyumba nzima kupanda kilima, mita sabini hivi. Watu walijaa barabarani kutazama nyumba ikitembea. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 21. Leo iko West Street, karibu na kanisa la St Mary Steps, na wenyeji wanaiita Nyumba Iliyohama. Kwa miaka mingi chini yake palikuwa na duka la magauni ya harusi. Bibi harusi wamepimwa nguo mle ndani ya nyumba iliyowahi kupanda reli.

Sasa swali langu kwa wanafunzi wa ujenzi. Kwa nini iliwezekana? Jaribuni kuivuta nyumba ya matofali ya kuchoma, au ya mawe, mita sabini kupanda kilima. Mtabaki na nini? Kifusi.

Iliwezekana kwa sababu ukuta wa nyumba ile haubebi kitu. Nirudie. Ukuta haubebi kitu. Kinachobeba ni kiunzi: nguzo za mwaloni, ule mti mgumu wa Ulaya, boriti zinazolala juu ya nguzo, na mihimili ya mshazari inayoshika pembe ili nyumba isiegemee upande. Vyote vimeunganishwa kwa ulimi na tundu. Mti mmoja unachongwa ulimi kwenye ncha, mwenzake unatobolewa tundu, wanaingiana, kisha unapigwa msumari wa mti wa kupita wote wawili. Hakuna msumari wa chuma pale. Nafasi kati ya nguzo zinajazwa baadaye, na zinajazwa na nini? Fito zilizosukwa na kukandikwa kwa udongo, majani makavu na samadi ya ng'ombe, halafu chokaa juu. Naona wazee mnacheka. Ndiyo, wazee wangu. Tajiri wa Uingereza wa mwaka 1500 alilala ndani ya ukuta wa kukandika, na alikuwa anajivunia.

Na kuna jambo kuhusu mwaloni ule ambalo seremala yeyote atalipenda. Walikuwa wanauchonga mbichi. Hawakungoja ukauke, kwa sababu mwaloni mkavu ni mgumu kama chuma, unamaliza makali ya patasi. Unakatwa, unachongwa, unasimamishwa, na unakaukia palepale ndani ya nyumba. Ukikauka unasinyaa na kujipinda, na fundi anajua utasinyaa upande gani, kwa hiyo anaupanga ili kusinyaa kwake kuzidi kukaza viungo. Ndiyo maana ukiingia kwenye nyumba hizi sakafu inateremka na mlango umekaa upande. Watalii wanadhani nyumba imezeeka. Mara nyingi nyumba ilipinda ikiwa bado kijana, miaka yake ya kwanza kwanza, na tangu hapo imetulia.

Kiunzi chote kilitengenezwa kwanza uwanjani kwa fundi. Kililazwa chini, kikaunganishwa kwa majaribio, kikatiwa alama, kikafunguliwa, kikapakiwa kwenye mikokoteni, kikaenda kusimamishwa mjini. Alama zile bado zipo. Ukiweka tochi kwa pembeni, mwanga ukapita ubavuni mwa nguzo, zinajitokeza: mikwaruzo iliyonyooka ya patasi, namba za Kirumi, moja, mbili, tatu, kwenye nguzo, na namba ileile kwenye boriti inayoingia pale. Ya nne mara nyingi wameiandika mistari minne, hawakujisumbua na mtindo wa shuleni. Ukiweka kidole kwenye mkwaruzo unahisi fundi alianzia wapi na patasi ilitokea wapi.

Kwa sababu hiyo nyumba ya aina hii hata ukiifungua vipande inarudi. Mji wa Coventry ulipigwa vibaya sana na mabomu mwezi Novemba 1940, na baada ya vita ulijengwa upya kwa zege. Lakini nyumba kadhaa za mbao zilizokuwa zimebaki sehemu nyingine za mji zilifunguliwa kiungo kwa kiungo, zikapelekwa mtaa mmoja, Spon Street, zikasimamishwa upya pale na kupangishwa kama maduka. Kuna wanaosema mtaa ule ni wa kuigiza, kwa sababu nyumba zile hazikuzaliwa majirani. Nawaelewa. Ila mimi naona heri jirani wa kupewa kuliko jaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wanalikosea. Watu wakiona duka la simu ndani ya nyumba ya mwaka 1575 wanasikitika. "Angalia walivyoiharibu, nyumba ya heshima wameigeuza duka." Nimewasikia hata watu wenye shahada zao wakisema hivyo.

Nani kawaambia ile ilikuwa nyumba ya heshima isiyo na duka?

Nendeni Shrewsbury, karibu na mpaka wa Wales. Mji ule ulitajirika kwa kitambaa cha sufu. Kitambaa kilifumwa Wales, kikaletwa Shrewsbury, na wauza vitambaa wa Shrewsbury walijipanga kwenye chama chao wakaishika biashara ile mkononi kwa muda mrefu. Fedha hiyo ndiyo iliyojenga nyumba zile kubwa za mbao mnazoziona kwenye kadi za posta. Moja inaitwa Ireland's Mansion, iko High Street, ilijengwa karibu na mwaka 1575 kwa ajili ya Robert Ireland, mfanyabiashara wa sufu. Ukiitazama mbele yake utaona mbao zimejazana, nguzo na nguzo zimebanana, na katikati yake mapambo. Fundi anayejua hesabu atakwambia mara moja: mti ule ni mwingi kuliko unaohitajika. Nyumba ingesimama vizuri kwa nguzo nusu ya zile. Kwa nini basi? Kwa sababu mwaloni ni ghali, na mteja anayetoka kijijini akiona mwaloni wote ule anajua huyu bwana hawezi kukimbia na fedha zangu. Sura ya nyumba ilikuwa bango la biashara kabla ya mabango.

Hapohapo Shrewsbury, Butcher Row, mtaa wa wauza nyama, kuna jengo linaitwa Abbot's House, la miaka ya 1450. Hili lilijengwa na watawa wa Lilleshall, na watawa nao walijua maana ya kodi ya pango: chini waliweka safu ya maduka ya kupangisha. Nikiri, kati ya majengo yote ya Uingereza, hili ndilo ninalolipenda kuliko makanisa yao makubwa. Madirisha ya duka ya wakati ule bado yapo. Ni mapana, kichwa chake kimekatwa tao kwenye mti wenyewe. Madirisha kama hayo hayakuwa na kioo. Yalifungwa kwa mabawa mawili ya mbao yanayofungukia juu na chini. Asubuhi mwenye duka analishusha bawa la chini, linakuwa meza ya kuuzia. Analiinua la juu, linakuwa kibanda cha kuzuia jua na mvua. Mteja anabaki barabarani, muuzaji yuko ndani, nyama iko katikati. Jioni mabawa yanafungwa, duka limekuwa ukuta.

Wangapi hapa mna duka la namna hiyo mtaani kwenu, dirisha linaloinuliwa likawa kivuli? Inueni mikono. Haya, nusu ya ukumbi. Basi hamuhitaji nifafanue zaidi.

Mpangilio wa nyumba ya mfanyabiashara ulikuwa huu. Kiwanja chembamba mbele, kirefu kwenda nyuma, kwa sababu uso wa barabara ndio wenye bei. Duka mbele. Sebule nyuma ya duka. Kulala juu. Bidhaa darini au ghala la chini. Familia, wafanyakazi, mwanagenzi na marobota ya kitambaa, wote chini ya paa moja. Na zile ghorofa zinazotokeza nje, mafundi na wasomi wanabishana mpaka leo sababu yake ni ipi. Wapo wanaosema ni kupata chumba kikubwa juu bila kula barabara. Wapo wanaosema uzito wa ukuta wa juu kwenye ncha ya boriti unazuia boriti isibonyee katikati. Wapo wanaosema ni kuukinga ukuta wa chini na mvua, na wapo wanaosema ni maringo tu. Mimi nadhani ni yote, na maringo yalikuwa makubwa kuliko yanavyoandikwa.

Chester nitaipitia haraka, maana peke yake ni hotuba. Pale, tangu karne ya 13, maduka yamepangwa ghorofa mbili: unaingia moja kwa moja kutoka barabarani kwenye duka la chini, ambalo zamani lilikuwa ghala lililozama nusu ardhini, au unapanda ngazi chache unafika kwenye baraza refu lililofunikwa, linalopita ndani ya nyumba za watu, nyumba hadi nyumba, na kando yake kuna maduka mengine. Mvua ikinyesha mji mzima unafanya manunuzi bila mwavuli. Mbao nyingi mnazoziona pale mbele ni za karne ya 19, zimejengwa upya. Mpango wenyewe ndio wa kale.

Kwa hiyo msilie mkiona duka. Biashara haikuvamia nyumba hizi. Zilijengwa kwa ajili yake. Tena nasema hivi mbele ya wenye maduka: zilizopona, nyingi zimepona kwa sababu kila mwezi kuna mtu alilipa kodi, na mwenye nyumba akapata fedha ya kuziba paa. Nyumba ya kale isiyo na mpangaji ni marehemu anayesubiri tarehe.

Lakini. Na hapa naomba simu ziwekwe chini kidogo.

Lakini duka la mwaka 1575 na duka la leo havitaki kitu kimoja. Duka la leo linataka kioo. Karne ya 19 kioo kikubwa kilipatikana kwa bei nafuu, na kila mwenye duka akataka dirisha la kuanzia ukuta huu hadi ule. Katikati ya dirisha hilo kuna nini? Kuna nguzo. Nguzo inayobeba ghorofa mbili na paa. Wakaikata. Wakaweka boriti ya chuma au nguzo nyembamba ya chuma, wakati mwingine kwa hesabu nzuri, wakati mwingine kwa macho. Ukisimama leo kwenye mitaa mingi ya Uingereza utaona nyumba ya ajabu: juu mwaloni wa miaka mia tano, chini hewa na kioo, kana kwamba nyumba imeinua kanzu kuvuka dimbwi. Na pale kiunzi kinapokutana na kioo, mahali ambapo fundi angetaka kutazama kuliko pote, pamebandikwa bango la jina la duka. Ncha za boriti ziko nyuma ya bango. Zikioza, zinaoza nyuma ya bango.

Wengine walisogeza ukuta wa chini mbele ukalingana na ghorofa iliyotokeza, wapate futi mbili za duka. Wengine, karne ya 18 mbao zilipoonekana ushamba, waliifunika sura yote kwa plasta au matofali ili nyumba ionekane ya kisasa. Mpaka leo mtu anavunja dari la kubandika kwenye duka lake anakuta boriti ya mfanyabiashara wa kale imemtazama. Ndiyo maana nawaambia vijana: mbele ya jengo hudanganya, nyuma husema kweli. Zungukeni nyuma.

Hata hivyo kioo na bango siyo maadui wabaya zaidi. Adui mbaya ni kuondoa ngazi.

Sikilizeni. Mwenye duka anahesabu eneo lake. Ngazi imekula sehemu ya sakafu ambayo ingewekwa rafu tatu. Juu hakai mtu, yeye anaishi nje ya mji, ana bustani. Basi anaing'oa ngazi, anaziba tundu, anapata rafu zake. Nini kimetokea? Ghorofa mbili zimekufa siku hiyo. Hakuna tena mtu wa kupanda, na kusipokuwa na mtu wa kupanda hakuna mtu wa kuona.

Niliwahi kuitwa kwenye duka moja la viatu, katika mji ambao nitauhifadhi jina. Malalamiko yalikuwa doa kwenye dari, kubwa kama sinia, juu ya viatu vya watoto. Meneja alikuwa ameshalipaka rangi mara kadhaa na doa likarudi. Nikamuuliza, juu kuna nini? Akaniambia hajui, hajawahi kwenda, hakuna njia. Alikuwa ameuza viatu mle ndani miaka mingi. Tukatoboa tundu kwenye dari lake, tukaegemeza ngazi, nikapanda na tochi. Kwanza harufu ya njiwa. Halafu chumba, chumba kizima cha heshima, chenye meko ya mawe na dari la plasta lenye maua yaliyofinyangwa kwa mkono, nusu yake limeanguka sakafuni. Vigae vichache vya paa viliteleza zamani, na maji yamekuwa yakiteremka kwa utaratibu juu ya boriti ileile moja. Nikachukua bisibisi nikaigusa boriti. Haikugonga. Ilizama mpaka kwenye mpini, kama kwenye andazi. Chini yake, futi kumi chini, mama alikuwa anamjaribisha mtoto viatu vya shule.

Sisi wa mji huu hatuhitaji mgeni atueleze maana ya jengo la biashara kuanguka. Novemba 2024 tulizika watu wa Kariakoo. Sitasema zaidi ya hapo.

Tukashuka, tukatoka nje kutazama sura ya nyumba. Ilikuwa maridadi. Mbao nyeusi, kuta nyeupe, maua dirishani. Nikagonga moja ya zile kuta nyeupe kati ya mbao, ikalia kama sahani ya kauri. Nikajua. Udongo na fito viliondolewa, ikawekwa saruji.

Sasa ndiyo tunafika kwetu.

Mwaloni ni kiumbe kinachosogea. Msimu wa unyevu unavimba, msimu wa kukauka unasinyaa. Udongo na chokaa vinasogea nao, vinanyonya maji kidogo na kuyaachia jua likitoka. Saruji haisogei. Kila mwaka kati ya saruji na mti panafunguka ufa mwembamba, wa kuingia karatasi tu. Mvua inaingia humo. Na ikishaingia, itatokea wapi? Mbele kuna saruji, juu ya saruji kuna rangi ya plastiki. Maji yanakaa nyuma, yanakula mti kutoka ndani kwenda nje. Sehemu ya mwisho kuoza ni ile unayoiona. Mwenye nyumba anapaka rangi kila mwaka, anaambiwa nyumba yako inapendeza.

Je, hamjaona hilo Mji Mkongwe wa Zanzibar? Mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimelala ndani ya ukuta. Ukuta ule uliishi vizuri karne nzima kwa chokaa. Akaja mtu na mfuko wa saruji, akapiga plasta ngumu nje, kwa nia njema kabisa, duka lake lipendeze. Unyevu ukakosa pa kutokea. Chumvi ikaanza kusukuma ukuta ndani, na ncha za boriti, zile zilizofichwa, zikalowa zikabaki zimelowa. Mwaloni na mkoko ni miti tofauti, bahari zao ni tofauti, na kosa ni lilelile moja. Wanafunzi, mkitoka hapa na neno moja, liwe chokaa. Fundi anayekwambia chokaa ni ya kimaskini, muulize nyumba yake mwenyewe ina miaka mingapi.

Kwenye lile duka la viatu kazi ilikuwa hivi. Hatukubadilisha boriti nzima. Tulikata sehemu iliyooza tu, tukachonga kipande kipya cha mwaloni mbichi, tukakiunganisha na mzima kwa kiungo kirefu cha mshazari na misumari ya mti. Saruji ikatolewa, fito na udongo vikarudi. Na ngazi? Sheria ya kule, tangu ile ya mipango miji ya 1947, imeweka majengo ya namna hii kwenye orodha, na huwezi kukata kitu bila kibali. Ngazi ikarudi. Meneja alilalamikia rafu zake. Baadaye juu wakapata mpangaji, kodi ikalipa rafu hizo na chenji ikabaki.

Kabla sijamaliza nichekeshe kidogo, maana naona wengine mmenuna. Ukienda kwenye nyumba yoyote ya mbao Uingereza, mwenyeji atakwambia kwa fahari kwamba boriti zake zilitoka kwenye meli ya vita. Atakuonyesha matundu matupu kwenye mti kama ushahidi. Karibu kila mara si kweli. Mwaloni mwingi ulikatwa mbichi kwa ajili ya nyumba ile, na ule wenye matundu matupu mara nyingi ulitoka kwenye nyumba nyingine iliyobomolewa, maana mti mzuri haukutupwa. Vilevile ule weusi wa mbao mnaoupenda kwenye picha, kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19. Kabla ya hapo nyingi ziliachwa zikawa na rangi ya fedha, au zilipakwa chokaa pamoja na ukuta.

Lakini kuna jengo moja ambalo hadithi ya meli ni ya kweli, na ndilo jengo ambalo halikuwahi kuwa nyumba ya mfanyabiashara wa kale hata siku moja. Ni duka la Liberty, London, Great Marlborough Street. Lilikamilika mwaka 1924. Walinunua meli mbili za kivita zilizostaafu, HMS Impregnable na HMS Hindustan, wakazipasua, wakajenga duka la nguo lenye sura ya miaka ya 1500, na ngazi za mbao, na mabaraza, na kila kitu. Kwa hiyo wenye nyumba halisi wanadai meli za uongo, na wenye nyumba ya kuigiza wana meli za kweli. Mimi nikiwa London lazima nipite pale kugusa nguzo. Naomba msiwaambie mafundi wenzangu wa kule, wananicheka.

Basi, wenye maduka, ombi langu kwenu ni dogo. Mkipanga fremu kwenye jengo la zamani, liwe la mawe Unguja, la mbao Exeter, au la matofali hapa mjini, kabla ya kuuliza kioo kitakuwa na upana gani, ulizeni kinachobeba ni kipi. Pandeni juu. Kama hakuna ngazi, ulizeni iko wapi. Na wanafunzi, msiogope kumwambia mteja kwamba nguzo haitoki. Atanuna, atatafuta fundi mwingine. Mwacheni atafute.

Sasa inatosha maneno. Pale mezani nimeleta kiungo kimoja cha ulimi na tundu nilichokichonga kwa mkongo wetu wa hapa. Mtaona tundu la msumari kwenye ulimi halilingani na tundu la nje. Limesogezwa ndani kidogo, upana wa ukucha. Ni makusudi. Msumari ukipigwa unalazimika kujipinda kupita, na kwa kujipinda huko unauvuta ulimi ndani mpaka bega linabana. Hakuna gundi. Nyundo ya mti iko pembeni, misumari ni kumi na miwili, na nimewawekea vya akiba kwa watakaovunja. Dada wa mstari wa nyuma uliyeuliza wakati wa chai kama kiungo kinafunguka tena: kinafunguka, njoo wewe uwe wa kwanza.